Usiniulize damu asilimia ngapi, niulize ni damu ya nani

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya farasi jike wake kwa WhatsApp na swali ni lile lile, huyu ana damu ya thorobredi (wale farasi wa mbio) asilimia ngapi, nikimwambia 75 anafurahi utadhani ameshinda bahati nasibu. Leo wacha niliongee hili vizuri maana nimechoka kulijibu nusu nusu. Mimi nilianza nikiwa saisi pale Ngong, Nairobi, thorobredi ndio farasi pekee niliowajua, na saa hii niko Kilkenny, Ayalandi, kazi yangu ni kupandisha farasi wa michezo, na kitu cha kwanza nilichofunzwa huku ni kwamba thorobredi peke yake hatoshi. Iliniuma kidogo, siwezi kukataa.

Farasi wa jadi wa huku alianzia kwa mkulima mdogo mwenye jike mmoja tu, drafti, yaani farasi wa kazi, mfupa mzito na kwato ngumu, wiki nzima analima, Jumapili anavuta kigari kupeleka watu kanisani, baridi ikifika anabebeshwa mwenye shamba kwenda kuwinda mbweha akiruka mitaro na kuta za mawe. Kitabu cha ukoo cha hao drafti kilifunguliwa 1917. Sasa jike kama huyo akipandwa na dume thorobredi unapata nusu damu, binti yake akirudishwa kwa thorobredi mwingine unapata robo tatu, na hao wa nusu na robo tatu ndio waliojenga jina la nchi hii. Boomerang, aliyempa mpanda farasi Eddie Macken ushindi wa Derby ya Hickstead, mashindano ya kuruka huko Uingereza, mara 4 mfululizo kuanzia 1976 hadi 1979, baba yake alikuwa thorobredi, Battleburn. Custom Made aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000 ni mtoto wa Bassompierre, thorobredi. Supreme Rock, aliyeshinda mashindano ya farasi ya Badminton huko Uingereza 2002 na tena 2003, ni mtoto wa Edmund Burke, thorobredi vilevile.

Mbona inafanya kazi? Angalia kroskantri ya nyota 5, yaani mbio za kuruka vizuizi mashambani za ngazi ya juu kabisa, farasi anakimbia dakika 11 hadi 12 kwa mwendo wa mita 570 kila dakika huku anaruka magogo ambayo hayaanguki, akikosea anaanguka yeye. Drafti mtupu nampenda sana lakini hapo katikati pumzi imekata na joto limembana mwilini. Thorobredi analeta moyo na mapafu, ngozi nyembamba inayopoa haraka, na ile hasira ya kutaka kuendelea hata akichoka. Drafti naye analeta mfupa, utulivu, na akili ya kujiokoa, kwamba hatua ikiharibika mbele ya gogo yeye mwenyewe anajipanga bila kungoja mpanda farasi. Wenyewe huku wanasema ana mguu wa tano, na ukiona farasi ameteleza kabisa halafu akatua wima unaelewa wanamaanisha nini.

Sasa ndio nije kwa asilimia. Thorobredi si kitu kimoja bana. Kuna wa flati, mbio zisizo na viunzi, anayekimbizwa akiwa na miaka 2, kilomita moja na kitu hivi ameisha, na kuna wa kuruka viunzi anayekimbia kilomita 4 au 5 kwenye matope na akiwa na miaka 10 bado yuko kazini. 2010 Emmeline Hill wa University College Dublin na wenzake walionyesha kwamba jeni moja tu, ya miostatini inayodhibiti ukuaji wa misuli, inabeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Jeni hiyo ina aina mbili, C na T: mwenye nakala mbili za C ni wa mbio fupi, mwenye mbili za T ni wa mbio ndefu, mwenye moja moja yuko katikati. Kwa hiyo farasi wawili wote unaweza kuwaandikia 75 kwenye karatasi, mmoja ana injini ya basi la Mombasa na mwingine ana ya bodaboda.

Hili nililijua na bado nikakosea. Miaka kadhaa nyuma mwenye jike wa robo tatu alitaka dume mmoja wa flati, mrembo, ukoo unang'aa, bei ilikuwa nafuu kwa sababu hakuwa anatafutwa tena, nami nikanyamaza badala ya kumwambia hapana. Mtoto alitoka mzuri wa kupiga picha, miguu kama njiti, mzunguko wa mfupa chini ya goti hata haukufika sentimita 20, na roho ya kuwaka kwa kila kitu hadi ndoo ya maji. Aliuzwa bei ya hasara kabla hajaruka hata gogo moja. Ile ilikuwa yangu.

Kinachonichekesha ni Wajerumani. Sisi huku tangu miaka ya 90 tumekuwa tukileta madume wa Ulaya bara, Holsteiner wa Ujerumani na wenzake, kwa ajili ya kuruka uwanjani (na kwa kuruka uwanjani sina ugomvi nao, wanaruka), kumbe hao Holsteiner wenyewe walirekebishwa kwa thorobredi, Ladykiller, thorobredi, ndiye baba wa Landgraf, dume wao maarufu. Na Sam, farasi wa Mjerumani Michael Jung, dhahabu London 2012 na Rio 2016, baba yake ni Stan the Man, thorobredi. Yaani tunanunua kwao kilichokuwa kimefungwa nyuma ya nyumba yetu.

Lakini dume si shida kubwa, madume wapo. Shida ni akina mama. Trekta zilipoingia drafti wengi sana waliishia machinjioni, na kila jike drafti akipelekwa kwa thorobredi anazaa mtoto mzuri wa kuuza lakini hazai drafti wa kumrithi. Watu wanajaribu njia ya mkato, nusu damu kwa nusu damu, na hapo unacheza kamari, mmoja anatoka sawa, mwingine anatoka na mwili wa drafti juu ya miguu ya thorobredi na huyo daktari wa mifugo atamzoea sana.

Msimu huu nina jike drafti wa kijivu, miaka 9, ameshazaa nusu damu watatu na wote wameuzwa vizuri. Mwenye jike alitaka wa nne. Tumebishana wiki mbili, chai imenyweka, mwisho amekubali aende kwa dume drafti kwanza, na akijaliwa binti huyo habanduki shambani. Thorobredi nimeshamchagua, mzee wa viunzi, mfupa upo, anamngoja mwaka kesho.