Kuchambua kesi ya biashara si kuisimulia upya

Juzi nililetewa kazi ya mwanafunzi niipitie kabla hajaikusanya. Kichwa chake kilikuwa "Uchambuzi wa kesi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa". Ukurasa wa kwanza ulianza na KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro cha 1925, ukafuata wa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokirithi 1933, kisha vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa 1976, kisha soko huria la miaka ya tisini. Mwishoni kabisa ndipo lilipotokea neno "changamoto", na chini yake mtaji mdogo, elimu duni, ukosefu wa uaminifu. Pendekezo: serikali iingilie kati.

Hiyo ni historia, tena imeandikwa vizuri. Uchambuzi wa kesi haumo.

Kwa kifupi, unapewa habari za biashara moja iliyofika mahali pa kuamua. Unataja uamuzi wenyewe ni upi, unapima njia zilizopo kwa ushahidi uliomo ndani ya kesi, unachagua moja na kuitetea. Basi.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye asili ya mbinu hii. Ilitoka kwa wanasheria. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell alianza kufundisha sheria pale Harvard kwa kuwasomesha wanafunzi hukumu za mahakama badala ya kuwahutubia kanuni. Shule ya biashara ya chuo hichohicho ilifunguliwa 1908, na Wallace Donham, aliyekuwa mkuu wake kuanzia 1919, alikuwa amesoma sheria. Ndiye aliyesukuma mbinu ya kesi ikawa njia kuu ya kufundishia pale. Ila kuna kitu kilibadilika njiani. Kesi ya mahakamani inakufikia ikiwa na hukumu tayari, na kazi yako ni kueleza jaji alifikaje hapo. Kesi ya biashara hukatizwa kabla ya hukumu. Meneja amekaa, makaratasi yako mezani, hajaamua. Wanafunzi wengi wanaisoma hii ya pili kana kwamba ni ile ya kwanza: wanatafuta mwisho wake, na wasipouona kwenye karatasi wanautafuta mtandaoni.

Tuchukue kesi ya kubuni. Ni Oktoba 1998, chama cha msingi huko mlimani. Chama kinamlipa mkulima shilingi 800 kwa kilo anapoleta kahawa, na kinatarajia kumwongezea 500 baada ya mnada wa Moshi. Mnunuzi binafsi anasimamisha gari barabarani na kutoa 1,200 taslimu. Mkulima ana ada ya Januari. Unadhani anakwenda wapi?

Mwanafunzi wetu ataandika "wakulima hawana uaminifu kwa chama". Lakini tazama namba: chama kinalipa 1,300 kwa jumla, zaidi ya mnunuzi. Kwa hiyo bei si tatizo, na uaminifu si tatizo. Tatizo ni muda. Bodi inaweza kukopa benki ili ipandishe malipo ya awali hadi 1,100. Kwa kilo 50,000 hiyo ni shilingi milioni 15. Kama riba ni asilimia 20 kwa mwaka na mkopo ni wa miezi sita, riba ni milioni 1.5, yaani shilingi 30 kwa kila kilo. Mkulima anabaki na 1,270, bado juu ya mnunuzi. Hatari je? Malipo ya pili yaliyobaki ni 170, kwa hiyo bei ya mnada ikishuka zaidi ya shilingi 170 kwa kilo, chama kinadaiwa na benki na hakina pa kutoa. Sasa bodi ina jambo la kubishania: je, mnada umewahi kuyumba kiasi hicho katika misimu iliyopita? Kiambatisho cha bei kilichoko nyuma ya kesi, ambacho hakuna anayekifungua, kimewekwa kwa ajili ya swali hilo.

Halafu kuna wale wajanja. Wanajua kwamba bei ya kahawa duniani iliporomoka vibaya kufikia 2001, basi wanaandika kwa kujiamini kuwa bodi haikupaswa kukopa. Hiyo ni kupanga kikosi baada ya kusoma matokeo ya mechi. Mjumbe wa bodi ya Oktoba 1998 hakuwa na 2001 mfukoni. Anahukumiwa kwa alichoweza kukijua siku ile, na wewe pia.

Kuhusu jedwali la SWOT, lile la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, sina ugomvi nalo, mradi kila kilichomo kitumike baadaye kwenye hoja. Ukiandika "uongozi imara" kwenye kisanduku na usiutaje tena, ulikuwa unajaza karatasi.

Pia usichanganye na uchunguzi kifani wa tasnifu. Kule unakwenda mwenyewe uwandani, unahoji watu na kukusanya takwimu ili kujibu swali la utafiti. Kesi ya darasani imeshakusanyiwa kila kitu, na mwenzako wa upande wa pili wa darasa anaweza kupendekeza kinyume chako nyote mkapata alama nzuri.

Kwa hiyo ile historia usiifute, mpendwa. Ipunguze ibaki mistari mitatu, na sentensi yako ya kwanza iwe "Bodi ikope, kwa masharti haya", au "Bodi isikope", kisha zile hesabu zifuate. Na kama pendekezo lako bado ni serikali iingilie kati, angalia kwanza kama serikali imo kwenye kesi uliyopewa.