Gesi ya AC ya Gari Haiishi, Inavuja

Joto la Desemba likianza kupanda, karakana ya chuo chetu hapa Dar es Salaam hupokea simu zenye swali lile lile: kujaza gesi ya AC ni shilingi ngapi? Wengi wanaouliza walijaza mwaka jana, na mwaka juzi pia. Wameaminishwa kwamba gesi ni kama petroli, gari linaitumia mpaka inakwisha. Sivyo. Gesi ile inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haichomwi wala hailiwi na kitu. Ni kweli hupenya kidogo kidogo kwenye mipira kadiri miaka inavyokwenda, lakini gari lililojazwa Januari likawa tupu Juni lina tundu mahali. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kwenye AC nafuu ni ya anayejaza, hasara ni ya mwenye gari.

Kumbuka ubaridi unavyopatikana. Muuguzi akikupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi hupoa kwa sababu spiriti inageuka mvuke na kuondoka na joto lako. Ndani ya dashibodi kuna kifaa kinachofanya hivyo hivyo: gesi iliyokuwa majimaji inapita kwenye tundu jembamba, inageuka mvuke, inanyonya joto la hewa unayopuliziwa. Kompresa inaivuta, inaikandamiza, inaipeleka kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, na huko inalitema joto na kurudi kuwa majimaji. Hatua moja ikikwama, ubaridi hakuna, hata gesi ikiwa imejaa.

Ndiyo maana nawasihi wenye magari waanze na yale wanayoweza kuyatazama wenyewe. Upepo ukitoka kwa unyonge, tatizo mara nyingi ni filta ya hewa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi zinazotembea kwetu, IST na Vitz zikiwemo, iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kishushe, fungua kifuniko chembamba cha plastiki, vuta. Nimetoa filta zilizojaa majani na vumbi mpaka mwenye gari hakuamini kwamba alikuwa akipumua hewa iliyopita humo. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi na haihitaji fundi.

Upepo ukiwa na nguvu lakini wa moto, fungua boneti, washa AC, usikilize. Kwenye magari mengi utasikia "tak" pale klachi ya kompresa inaposhika. Usiposikia, tazama fyuzi na rilei, ile swichi ndogo ya umeme, kabla ya kumshuku mwingine. AC ikipoa gari likikimbia na kutoa joto ukiwa kwenye foleni, wa kwanza kushukiwa ni feni ya kondensa. Kondensa yenyewe hushika vumbi na wadudu; ioshe injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwa maji ya bomba la kawaida. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza mapezi yake ya bati, na hewa ikakosa pa kupita.

Halafu tafuta tundu. Gesi huzunguka pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo pale inapovujia hubaki alama: kiungo chenye unyevunyevu wa mafuta ulioshika vumbi jeusi. Paka povu la sabuni mahali hapo, utazame kama linatoa mapovu. Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwa imewashwa yasikutishe, huo ni unyevu wa hewa. Yakimwagika miguuni pa abiria, bomba la kuyatoa limeziba.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapokoma, na nalisema hili kwa uzito. Usibonyeze nipeli, ule mdomo wa kujazia gesi, kwa bisibisi "kuangalia kama gesi ipo". Tabia hiyo imeenea mno. R134a, gesi iliyo kwenye magari yetu mengi, huchemka ikiwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia inagandisha nyama papo hapo. Nimemwona kijana ambaye ncha ya kidole ilikuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa. Ingekuwa jicho, tungekuwa tunazungumza mengine. Gesi hiyo ikikutana na moto hutoa moshi wa sumu, hivyo asiwepo mtu anayechomelea jirani.

Usiunge waya moja kwa moja ili kompresa iwake kwa nguvu. Swichi ya presha huizima kompresa pale gesi inapopungua, kwa sababu mafuta nayo hayairudii vizuri. Ukiiruka swichi hiyo, kompresa inasagika kikavu na chembe za chuma zinasambaa mpaka kwenye kondensa. Tundu la oringi moja, kipete cha mpira cha kuziba kiungo, linageuka kuwa AC nzima ya kununua. Wala asikushawishi mtu kuweka gesi ya kupikia. Inapoza, ni kweli, lakini ikivuja inaweza kuvujia ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako, kati ya waya za umeme.

Wanaojaza wenyewe kwa kopo la gesi lenye mpira na geji moja nao wanabahatisha. Geji hiyo huonyesha upande wa presha ndogo tu, na gesi ikizidi AC hupoa vibaya zaidi. Mipira ya kopo ikiungwa upande wa presha kubwa, kopo linaweza kupasuka mkononi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu hawakufundishwa vya kutosha. Gesi ya zamani, R12, ilitoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. R134a ikachukua nafasi yake. Hii haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikitoka hewani hupasha dunia joto kama kilo 1,430 hivi za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Nusu kilo ya gari dogo ni sawa na moshi wa lita 300 hivi za petroli. Makubaliano ya kuipunguza yalifikiwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Kwa hiyo gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine na kutunzwa, isiachiwe ikapuliza.

Wenye Prius na Aqua, magari yanayotumia petroli na umeme, ninyi msiguse kabisa. Kompresa yenu inaendeshwa na umeme mkubwa kupitia waya za rangi ya machungwa. Mafuta ya kawaida ya kompresa, yanayoitwa PAG, hupitisha umeme. Yakiingia humo yanaharibu kinga ya umeme ya kompresa na kuliweka gari hatarini.

Ukifika kwa fundi, kaa utazame. Akishaziba tundu, abadilishe kichujio cha unyevu, aunge pampu ya kunyonya hewa kwa nusu saa au zaidi, kisha aizime na kusubiri kuona kama mshale wa geji unatembea. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye lile tundu jembamba na kuzaa asidi. Hatimaye mwulize ataweka gramu ngapi. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na fundi anayejua kazi atakisoma, kisha aweke mtungi juu ya mizani. Akikujibu kwamba ataacha ikishapoa, chukua funguo zako.