Kutu inazuiwa kabla hujapiga riveti

Wadau, mnaniuliza sana injini na gia boksi, leo naomba tuongee kutu, maana gari zinazoniuma roho gereji ni zile injini bado nzima ila sakafu imeshaliwa.

Niko Uingereza, kazi yangu ni kuunga hizi Seven, vile vigari vya wazi vya spoti vinavyokuja kwenye maboksi. Kampuni ya Lotus waliianzisha 1957, kampuni ya Caterham wakaichukua 1973, na mpaka leo ni mambo yaleyale, fremu ya mabomba ya chuma, juu yake mabati membamba ya alumini yamepigwa riveti. Ugonjwa unaanzia hapohapo. Metali mbili tofauti zikigusana halafu katikati pakaingia maji ya chumvi hiyo tayari ni betri, na kwenye hiyo betri anayeliwa ni alumini, sio chuma. Najua tumekua na masufuria tukaamini alumini haishiki kutu, kweli haiwi nyekundu, ila inageuka unga mweupe kama chokaa na bati linavimba kuzunguka riveti. Na huku msimu wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuzuia barafu. Mimi mtoto wa Tanga, nilidhani kutu ya bahari nimeiacha nyumbani, kumbe wapi.

Kuna moja niliifungua juzi, rangi ya poda, ile inayopuliziwa kama unga halafu inaokwa, inang'aa kabisa, nikaigusa na bisibisi ikabanduka kama ganda la yai, chini bomba limekuwa jekundu. Rangi ya poda ni nzuri ila ni ngumu, kokoto ikishaipasua maji yanatambaa kwa chini na wewe kwa nje huoni kitu, ndo maana mimi chini yake lazima nianze na praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu.

Sasa tundu. Kila ukitoboa na drili kwa ajili ya riveti umeshatoboa na rangi, na umelifungua bomba ambalo lilikuwa limezibwa pande zote, kwa hiyo mimi kila tundu nalipaka praima kwa kaburashi kadogo, ndio, mamia ya matundu, inachosha lakini hakuna njia nyingine kwa sababu bati likishakaa hufiki tena pale. Kati ya bomba na bati napaka gundi nyeusi ya poliyurethani, ileile ya kubandikia vioo vya mbele, bomba zima mpaka metali zisigusane, na riveti nayo naichovya kwenye gundi hiyo ikiwa bado mbichi. Angalia pia msumari wa riveti, ule wa katikati unaovutwa na bunduki mpaka ukatike, nyingi za alumini zina msumari wa chuma, kile kichwa kinabaki ndani kinaoza taratibu. Sakafuni natumia riveti zile zilizozibwa nyuma.

Bolti za chuma cha pua (stainless) watu wanazipenda kwa kung'aa. Kwenye alumini weka washa ya plastiki chini yake, la sivyo ndo zinazoila alumini. Na msisugue alumini kwa brashi ya waya wa chuma jamani, chembe zinabaki ndani ya bati zinaanza kutu peke yake.

Mabomba ya breki naweka ya shaba na nikeli, hayaozi kama ya chuma, ila yashike kwa klipu zenye mpira, shaba isiguse bati. Waya wa asi, yaani ethi ya umeme inayofungwa kwenye fremu, ndo sehemu pekee unayokwangua rangi makusudi, kaza kwanza, grisi baadae juu yake.

Mwisho nta ya ndani ya mabomba ya fremu. Kopo liweke kwenye maji ya moto iwe nyepesi, ingiza mpira mrefu, puliza mpaka uone inadondoka upande wa pili, kisha acha gari limeinama usiku kucha. Asubuhi pitisha waya kwenye vile vitundu vya kutolea maji, nta ikiviziba maji yatalala ndani ya bomba na kazi yote umeiharibu.