Pampu haijui kama panya amekula

Juzi nimesoma rasimu ya tatu mwaka huu, ya makala ya panya wa maabara tuliowapa kisukari, yenye sentensi ileile: "Panya walipandikizwa insulini ya kutoka mfululizo, hivyo sukari yao ilidhibitiwa." Hivyo! Nikalizungushia kalamu nyekundu hilo neno, nikamwita mwenye rasimu.

"Shikamoo Dokta."

Marahaba. Ulipima saa ngapi?

"Saa tatu asubuhi."

Kila siku?

"Kila Jumatatu."

Panya ni mnyama wa usiku. Chakula chake kingi anakila taa za chumba zikishazimwa. Insulini ya kidonge cha chini ya ngozi, au ya pampu ya osmosi, inatoka kwa kasi ileile saa nane mchana panya akiwa amejikunja kwenye maranda, na saa nane usiku akiwa anaguguna. Pampu yenyewe haina betri wala akili: maji ya mwili yanapenya ganda la nje, tabaka la chumvi linayavuta na kuvimba, linaubana mfuko wa dawa, dawa inatoka. Basi. Mwenye habari kwamba chakula kimeingia ni kongosho, na seli beta za kongosho hilo, zinazotengeneza insulini, tumeziua wenyewe kwa streptozotosini, sumu tunayowachoma ili wapate kisukari. Unachompa panya ni insulini ya msingi tu. Ukisoma sukari 7 (mmol/L) asubuhi, usiku anaweza kuwa 18. Ukiongeza vidonge ili usiku uwe 7, mchana utakuta panya anatetemeka kwa sukari kushuka mno.

Na msiwalaze njaa! Panya wa insulini ya sindano unaweza kumruka dozi. Kidonge kikishaingia hakina swichi. Miaka yangu ya mwanzo niliondoa chakula jioni, nikitaka "sukari ya kufunga" kama ya kliniki. Asubuhi nikakuta wawili wamelala ubavu, mmoja akipiga miguu hewani. Mashine ilisoma 1.6. Niliwachoma glukosi tumboni. Mmoja aliinuka, mwingine hakuinuka.

Kuchoma streptozotosini sielezi: iyeyushe kwenye bafa ya sitrati pH 4.5, ichanganye papo hapo, maji ya sukari usiku wa kwanza kwa sababu seli zinazokufa zinamwaga insulini zote. Mnajua.

Lakini mkia, tunakotoa tone la damu la kupima, hamuujui. Panya mwenye kisukari anakojoa mpaka maranda yanakuwa uji, na mkojo ule una sukari. Mkia unaburuzwa humo humo. Usipoufuta kwa maji na kutupa tone la kwanza, unapima kizimba. Tena mashine nyingi zilizotengenezewa watu zinaandika HI sukari ikipita 33.3. Hiyo HI maana yake ni "sijui, ni nyingi". Mtu anaandika 33.3 kwenye jedwali, anatafuta wastani, anaweka nyota za takwimu juu yake.

Pampu ina kisirani kingine. Insulini ikikaa kwenye joto la mwili inaweza kushikamana na kuwa nyuzinyuzi. Pampu inaendelea kusukuma huku insulini inayofanya kazi imepungua, au mdomo umeziba. Sukari ikipanda wiki ya pili, kijana anaandika "usugu wa insulini", yaani mwili umeacha kuitikia insulini. Kabla hujaandika, itoe pampu, angalia kimebaki nini mfukoni. Mpime na uzito pia: panya anakua, vidonge havikui.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Kundi la panya wa kisukari wanaopewa insulini tunaliweka ili tujue kama figo zimeharibiwa na sukari au na streptozotosini yenyewe, maana ile nayo ni sumu ya figo. Sasa figo za kundi hilo zikitoka mbaya, nilaumu sumu, au udhibiti wangu uliokuwa mzuri saa tatu asubuhi tu? Nimewahi kushindwa kuamua, na makala ikatoka na aya iliyopindapinda kuliko ninavyopenda. Ongeza hapo mkono wangu: kumshika panya tu kunampandisha sukari, na wa sita kutoka kizimbani ameshasikia wenzake watano wakilia.

Kijana wa rasimu ile amerudi leo na vipimo vya saa saba usiku, macho mekundu. Panya sita kati ya wanane wako juu ya 15. Ameniuliza kama ni lazima aviweke kwenye jedwali.