Pumzi ndefu si pumzi kubwa: yoga, presha na makosa yanayoepukika

Kila inapokaribia Juni 21, Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, maswali huongezeka kwenye vyumba vya fiziotherapia hapa Tanga. Tunayapokea kwa furaha. Kinachotutia hofu ni mgonjwa wa presha anayekuja akiwa ameshaacha vidonge kwa sababu video ya kwenye simu imemwambia pumzi inatosha. Haitoshi. Inasaidia, na inasaidia kweli, ila kwa kiasi chake na kwa namna yake.

Tuanze na pale wengi wanapokosea. Mtu akiambiwa avute pumzi, hupandisha mabega na kujaza kifua mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hiyo ni pumzi kubwa, si pumzi ndefu, na faida iko zaidi kwenye kutoa kuliko kuvuta. Ukivuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo. Ukitoa taratibu, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huupunguza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha pumua polepole: mapigo hukaza mwendo ukivuta na hulegea ukitoa. Kwa kijana tofauti husikika wazi. Kwa mzee ni ndogo, na hilo si dalili ya ugonjwa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tunakotaka ufike ni mara 6. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote chini, legeza kanga au mkanda kiunoni. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua kwa sekunde 4. Mkono wa tumboni ndio usogee, maana kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinashuka na kusukuma tumbo mbele. Toa kwa sekunde 6, kwa pua au kwa midomo iliyofinywa kama unayepuliza chai ya moto kwenye kisosi. Usibane pumzi katikati. Ukihisi hewa haikutoshi, usijikaze: punguza, vuta kwa sekunde 3 na utoe kwa 4, utazoea. Dakika 5 asubuhi na 5 kabla ya kulala. Baada ya wiki mbili ongeza hadi 10. Aliyekula pilau asubiri saa mbili hadi tatu.

Midomo ikianza kuchonyota, vidole vikaingia ganzi na kichwa kikawa chepesi, wapo wanaosema "nguvu zinaingia". Hakuna nguvu inayoingia. Umepumua kupita kiasi, kabonidayoksaidi imepungua kwenye damu, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imesinyaa. Acha zoezi, pumua kawaida, kaa mpaka hali itulie. Usipumulie ndani ya mfuko.

Hapa tunawaomba wazazi wa Raskazone, Mwambani na kila penye vijana wanaopiga mbizi watusikilize. Kupumua haraka haraka kabla ya kuzama hakuongezi oksijeni ya maana mwilini. Kunapunguza kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo humlazimisha mtu apande juu kutafuta hewa. Kengele ikizimwa, oksijeni huisha kabla mtu hajahisi haja ya kupumua, naye huzimia chini ya maji bila kutapatapa. Aliye juu anadhani mwenzake bado anatafuta pweza. Zoezi lolote la pumzi lifanyike nchi kavu.

Pumzi za kasi, kama kapalabhati na bhastrika, hatuwapi wajawazito, wenye presha isiyodhibitiwa, kifafa, ngiri, wala aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mwenye glakoma aepuke pia mikao ya kichwa chini, kwa kuwa inapandisha presha ya jicho. Mwenye pumu afanye pumzi polepole, lakini dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni.

Kwa maumivu ya muda mrefu ya kiuno, ya mshona nguo au dereva wa bodaboda, yoga ina nafuu ambayo tafiti zimeithibitisha, ndogo hadi ya wastani. Piga magoti na viganja chini, ukitoa pumzi pinda mgongo juu kama paka aliyeshtuka, ukivuta uache ushuke. Mara 8 hadi 10. Viganja viwe chini ya mabega, si mbele, la sivyo uzito wote unaangukia vifundo vya mikono. Mkeka wa ukindu juu ya sakafu ya marumaru huteleza. Fanyia kwenye saruji kavu au kwenye mchanga ulioshindiliwa. Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, simama, njoo upimwe. Unayetumia dawa za presha, ukimaliza kulala chali kaa kwanza nusu dakika ndipo usimame.

Swali la dini huulizwa sana, na linastahili jibu la heshima. Yoga ilizaliwa India na ina upande wake wa kiroho. Tunachofundisha kliniki ni kunyoosha viungo na kupumua, bila maneno ya ibada. Anayeona uzito aite mazoezi ya viungo na pumzi.

Sasa kuhusu kupima. Tumechoka kueleza hili, lakini tutalieleza tena: usifanye zoezi la pumzi ukiwa kwenye foleni ya kipimo. Litashusha namba kwa muda mfupi, daktari atasoma presha ambayo si yako ya kila siku. Nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu isipishane, mkono uegemezwe usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili, dakika moja katikati.

Walimu wa yoga nao wasikie. Kufundisha mazoezi ni jambo moja. Kujitangaza kwamba unatibu presha, kisukari au utasa ni jingine. Anayetoa huduma kama tiba mbadala anaangukia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002: asajiliwe yeye na kituo chake na Baraza husika. Cheti cha mafunzo ya yoga si usajili, hata kiwe kimetoka India kwenyewe. Mwananchi ana haki ya kuomba kuonyeshwa usajili kabla ya kulipa.

Ukianza mazoezi haya, weka daftari: tarehe, saa, namba zote mbili za presha, dakika ulizofanya. Usiruke siku ambazo namba imepanda. Lete daftari hilo kliniki pamoja na vidonge vilivyobaki. Kama dozi itapunguzwa, daktari ataipunguza kwa kuangalia kurasa hizo. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, kutoona vizuri au upande mmoja kulegea, usikae kupumua. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.