Kupanda daraja umeweza, mbona kushuka kunakutoa machozi?

Jumatatu kliniki yangu hujaa watu wanaotembea kama wamevaa suruali za mbao. Wengi wametoka kwenye mazoezi ya kikundi ya Jumamosi: jimu, uwanja wa kanisa, paa la jengo, muziki hadi mwisho na kochi mwenye sauti ya makanga. Malalamiko yao nimeyakariri. Daraja la miguu la Thika Road wamelipanda vizuri tu. Kuteremka upande wa pili ndiko kulikowashinda, wakashikilia reli huku watu wakiwapita. Mama mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi hiyo alijiachilia tu juu ya choo, tubwi, kwa sababu mapaja yalikataa kumshusha.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (wagonjwa huniita daktari, na nimechoka kuwasahihisha). Huyo mama alidhani ananieleza jambo la aibu, kumbe alikuwa amenieleza ugonjwa wote.

Unapopanda ngazi, msuli wa mbele wa paja hujikaza ukawa mfupi, ukakuinua. Unaposhuka, msuli uleule unageuka breki: unavuta huku unarefushwa na uzito wako. Ukishateremka na matatu kutoka Kimende kwenda Mai Mahiu unajua kinachonuka pale chini si injini. Katika kazi hiyo ya breki, nyuzi chache za msuli hubeba mzigo ambao zingesaidiana nyingi, na ndani yake sehemu ndogo sana za kukaza hunyooshwa kupita kiasi, nyingine zikachanika. Sasa hesabu kipindi kimoja cha Jumamosi: kuchuchumaa mara mia, kuruka na kutua, kujishusha kwenye pushapu. Kila tendo lina kushuka kwake.

Mwili hukarabati uharibifu huo kwa mpango wake. Majimaji huingia, chembe za kinga huja kuzoa mabaki, msuli huvimba kidogo na neva zake hukasirika upesi. Kazi hiyo haianzi mara moja, ndiyo maana Jumamosi jioni unajisifu, Jumapili unakunja uso, na Jumatatu unakuja kwangu. Kilele huwa kati ya saa 24 na 72. Theodore Hough, Mmarekani, alieleza maumivu haya yanayochelewa mwaka 1902 na akashuku kwamba kuna kitu kimechanika ndani ya msuli. Hakukosea sana.

Ila ukimuuliza kochi, atakwambia ni asidi ya laktiki. Imani hii nayo imekataa kufa. Laktati, umbo la asidi hiyo ndani ya damu, hupanda wakati wa mazoezi na huondoka katika damu kwa takriban saa moja ukipumzika. Kufikia Jumatatu imesahaulika zamani. Mwaka 1983 watafiti Marekani waliwakimbiza watu kwa dakika 45, mara tambarare, mara mteremko. Walipokimbia tambarare laktati ilipanda lakini hawakuumwa baadaye. Walipokimbia mteremko laktati haikupanda, na ndipo walipoumwa. Daraja la Thika Road lilikuwa limeshasema hivyo.

Kwa hiyo ukiniomba nikukande "asidi itoke", nitakukanda, utasikia nafuu kidogo, lakini hakuna asidi itakayotoka. Kujinyoosha nako kumepewa sifa kuliko kazi yake: uchambuzi wa mwaka 2011 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha kwamba kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi hupunguza maumivu kwa kiasi kidogo mno. Kinachosaidia ni mambo yasiyo na mbwembwe. Tembea taratibu, lala, kula ndengu, mayai, omena, chochote chenye protini ulichonacho. Halafu subiri. Katika siku hizo msuli umepoteza nguvu kweli, na hata kujua mguu uko wapi kunapungua, basi usiruke kutoka kwenye matatu inayotembea na usirudie mapaja Jumatatu jioni eti "kuyalegeza".

Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu. Kipindi kimoja, hata kidogo, huukinga kwa wiki kadhaa, na mzigo uleule ukirudi hauumi kama mara ya kwanza. Ndiyo sababu anayeenda kila wiki anakucheka. Ndiyo sababu pia Januari, au tuseme Njaanuari, ndio mwezi wangu wa mavuno: mtu amekaa ushago wiki tatu akila chapati, kisha anarudi mjini na kuanza alipoachia Novemba.

Mazoezi ya kikundi siyapingi. Watu wengi wasingefanya mazoezi kabisa bila wenzao, na mimi mwenyewe huenda. Shida ni kwamba kwenye kundi mwendo si wako. Ukiwa peke yako, mikono ikitetemeka unaacha. Kwenye kundi, mikono ikitetemeka ndipo wanakupigia makofi.

Kijana mmoja aliletwa kwangu na dada yake siku ya tatu baada ya shindano la pushapu. Hakuwa mtu wa mazoezi, ila alikuwa wa mwisho kubaki chini na alishangiliwa sana. Mikono ilikuwa imevimba, viwiko havinyooki, na hakuweza kufikisha kijiko mdomoni. Alitaka nimkande. Nikamuuliza swali ambalo watu huliona la ajabu kutoka kwa mtu wa misuli: mkojo wako una rangi gani? Akamtazama dada yake kwanza. "Kama koka," akasema. Sikumgusa. Niliwapeleka hospitali saa hiyohiyo.

Jina la ugonjwa huo ni rabdomiolisisi. Hapa nyuzi za msuli hazichaniki kidogo, zinakufa kwa wingi na kumwaga vilivyomo kwenye damu. Mayoglobini, protini inayoupa msuli wekundu wake, huchujwa na figo, hupaka mkojo rangi ya kahawia, na inaweza kuziba na kuumiza vijifereji vya figo. Potasiamu nayo humwagika, na ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo. Hospitali hupima kimeng'enya cha msuli kiitwacho kreatini kinasi: kawaida huwa uniti mamia machache tu kwa lita ya damu, cha yule kijana kilikuwa makumi ya maelfu. Madaktari walielewa vizuri uhusiano wa msuli uliopondeka na figo London mwaka 1941, kwa watu waliofukuliwa chini ya majengo yaliyopigwa mabomu. Pushapu hazifanani na bomu, lakini figo haiulizi mayoglobini imetoka wapi.

Anayepatwa mara nyingi ni mgeni aliyepewa dozi ya mzoefu, na darasa la kwanza la baiskeli za ndani lina sifa mbaya kwa hili. Joto na ukosefu wa maji huongeza hatari; pombe pia, ninyi mnaotoka jimu moja kwa moja hadi kwenye nyama choma na chupa. Baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli zimo. Na waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao ni wengi magharibi mwa nchi na pwani na hawajijui kwa sababu hawaumwi, wanahitaji kuongeza mazoezi polepole zaidi wakisukumwa kwa nguvu. Mkitoka Mombasa kuja kufanya mazoezi hapa Nairobi, kumbukeni mko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mtahema mapema kuliko mlivyozoea.

Jambo lililoniudhi ni kwamba yule kijana alikuwa ameshapita duka la dawa na kuuziwa diklofenaki, dawa ya maumivu, bila kuulizwa chochote. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa figo iliyokauka na kujaa mayoglobini, hiyo ni kuipiga ikiwa chini. Kama ni maumivu ya kawaida ya Jumatatu, mara nyingi huhitaji kidonge. Kama maumivu yanazidi siku ya tatu badala ya kupungua, kiungo kimevimba na kukaza, unakojoa kidogo sana, au mkojo ni wa rangi ya chai ya rangi au koka, usije kwangu na usipite duka la dawa. Nenda hospitali useme neno mkojo mapema, mlangoni. Na usijitibu kwa kunywa lita sita za maji kwa mkupuo, maana sodiamu ya damu ikishuka ghafla ni dharura nyingine.

Kijana alikaa wodini siku tano akiongezewa maji ya mishipa, figo zikapona. Aliporudi kwangu tulianza na pushapu za ukutani, kumi, mara mbili kwa wiki, baada ya kipimo cha damu kurudi kawaida. Wiki ya sita alishuka sakafuni. Kochi wake nilimpigia simu, nikamwomba kitu kimoja: mgeni apewe nusu ya idadi kwa vipindi viwili vya kwanza, na asishangiliwe mtu anayetetemeka. La nusu alilikubali. La makofi alisema atajaribu.