Kwa nini breki ya gari hung'ang'ania asubuhi ya baridi kali?

Majira yangu ya kwanza ya baridi mjini Minneapolis, Marekani, niliegesha gari jioni, nikavuta handibreki kama nilivyozoea kwenye miinuko ya Mbeya. Usiku baridi ikashuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Asubuhi nikawasha injini, nikaiacha ipate moto, nikashusha handibreki na kukanyaga mafuta taratibu. Gari likachutama nyuma, kisha likaburuzika mbele juu ya theluji huku magurudumu ya nyuma yametulia tuli, hayazunguki hata kidogo.

Jirani aliniambia mafuta ya breki yameganda. Maelezo hayo bado nayasikia kila mwaka, nami huyapinga kila mwaka, kwa sababu humfanya mwenye gari atafute ugonjwa mahali usipo. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4, yaani madaraja ya kawaida ya mafuta ya breki, yametengenezwa ili yaendelee kutiririka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Huwa mazito zaidi, lakini hayawi jiwe. Kinachoganda ni maji.

Maji hayo huingiaje? Waya wa handibreki ni kamba ya chuma inayoteleza ndani ya ala, na mwisho wa ala, karibu na gurudumu, kuna kofia ndogo ya mpira. Kofia hiyo ikichanika, theluji iliyoyeyuka barabarani hupenya. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ndani ya ala hakuna pa kutanukia, kwa hiyo waya hukabwa palepale. Kisha ipo chumvi. Kwenye miji ya baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi hubaki maji hata pale maji matupu yangekuwa yameshaganda. Hayo ndiyo yanayokula chuma taratibu msimu mzima. Barafu itayeyuka jua likiwaka, ila kutu iliyoachwa na chumvi itabaki hapo.

Kwenye breki za ngoma, zile ambazo magari mengi madogo huwa nazo nyuma, kuna njia nyingine tena. Unyevu ukikaa kati ya breki shuu (vile vipande vinavyoibana ngoma kwa ndani) na ngoma, usiku viwili hivyo hushikana kama ulimi kwenye barafu. Gari lililooshwa jioni halafu likavutwa handibreki ni mfano mzuri.

Breki za disiki zina siri ambayo wengi hawaijui, nami naiona nzuri kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo huu. Ukikanyaga breki, mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma padi, padi hubana disiki. Ukiachia, nani huirudisha pistoni? Hakuna springi. Ni mpira wa duara unaoizunguka pistoni, yaani sili. Pistoni ikienda mbele, sili hujikunja nayo. Ukiachia pedali, sili hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Huo ndio urudi wote. Kwenye baridi kali mpira hukakamaa, na pistoni ikiwa na kutu, nguvu ile ndogo haitoshi. Padi hubaki imegusa disiki.

Sasa tutafute kosa lilipo. Lisikilize gari kwanza. Likigoma, kisha likatoa mlio mmoja wa "tak" na kuondoka vizuri, huenda ilikuwa barafu nyembamba au kutu ya usiku mmoja, na hapo hakuna cha kutengeneza. Usilazimishe kwa mafuta mengi, maana lining'i, yaani tabaka la msuguano, inaweza kubanduka kwenye shuu. Tingisha gari mbele na nyuma polepole. Mkono wa handibreki ukishuka umelegea, hauna mvuto wowote, mshuku waya. Kikausha nywele kikielekezwa kwenye waya na nyuma ya gurudumu husaidia. Maji ya moto usimwage, kwa sababu dakika chache baadaye yatakuwa barafu mpya ndani ya tundu lilelile.

Gari likishatembea, endesha kama dakika 15 bila kukanyaga breki sana, kisha simama mahali salama. Usiguse disiki, itakuunguza. Sogeza kiganja karibu na kila rimu, au tumia kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Linganisha kushoto na kulia ya ekseli moja. Usilinganishe mbele na nyuma, kwani breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi na huwa za moto daima. Gurudumu moja likiwa la moto mno kuliko mwenzake, umempata mtuhumiwa. Gari kuvuta upande mmoja na harufu kali ya kuungua ni dalili hizohizo.

Inua gurudumu hilo kwa jeki, weka stendi chini na kabari kwenye magurudumu mengine, kisha lizungushe kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi wa padi ni wa kawaida. Likiwa gumu, fungua kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, yaani kile chuma kinachobeba pistoni na padi. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, kulikuwa na shinikizo lililonaswa: mara nyingi mpira wa breki, yaani bomba laini linaloleta mafuta kwenye kalipa, umebanduka kwa ndani na kuwa mlango wa upande mmoja. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini hayana nguvu ya kurudi. Gurudumu likikaza tena, legeza bomba la chuma kabla ya mpira: likibaki gumu, mpira ndio wenye kosa. Likilegea hapo, panda juu hadi masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Na kama kufungua nati hakubadilishi kitu, tatizo ni la chuma: pistoni, waya, au pini ambazo kalipa hutelezea.

Pini hizo ndizo ninazozikuta mara nyingi zaidi. Zichomoe, zisugue kutu yote, safisha matundu yake, paka grisi ya silikoni inayostahimili joto la breki, na badilisha vifuko vyake vya mpira kama vimechanika. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mpira na kukurudisha ulikoanzia. Pistoni yenye kutu badilisha, au kalipa nzima. Waya wa handibreki ulioshika kutu mimi huubadilisha tu. Kuulainisha kwa mafuta hukupa wiki chache. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa.

Ukimaliza, badilisha mafuta. Breki iliyong'ang'ania huyachemsha, na mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini ni nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni.

Kwa wenzetu wa malori Marekani na Kanada, ambayo breki zake hutumia hewa iliyoshindiliwa, maji ni yaleyale ila yamo kwenye hewa hiyo. Toa maji kwenye matangi na usisahau kikausha hewa, kwani upepo usipofika kwenye breki ya kuegesha, springi yake haitaachia.

Wasomaji wa Dar es Salaam au Mombasa nao wana sababu ya kulala chini ya gari na tochi. Magari mengi ya mitumba hutoka Japani, na kaskazini kule, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa limeng'aa juu huku chini pini na nyaya zimeshaliwa. Angalia kofia ya mpira ya waya wa handibreki, pande zote mbili, kabla hujalipa.